Kutoka Ukanda wa Kingo hadi Gunia la Mboga: Bustani Finyu za Tana ya Chini

Kilimo cha vyombo, yaani upandaji wa mboga na viungo ndani ya magunia, madebe, ndoo zilizotoboka na vyungu badala ya kuziotesha moja kwa moja ardhini, kwa kawaida huhesabiwa kuwa jambo la miji mikubwa, shughuli ya mkazi wa ghorofa ambaye hana udongo ila ule alioupandisha kwa ngazi hadi kwenye roshani yake. Kwa kipimo hicho Garsen, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ulioko penye njia panda ya barabara za Malindi, Lamu na Garissa, usingetarajiwa kuwa na historia yoyote ya kilimo hicho, kwa kuwa ghorofa zake ni za kuhesabika na pande zote za mji imetanda ardhi tambarare isiyoonekana mwisho. Hata hivyo gunia la mboga limefika huko, likihimizwa na maafisa wa kilimo na mashirika ya misaada kama ufundi mpya, na swali linalomkabili mwanahistoria ni kwa nini watu walioishi juu ya udongo wenye rutuba inayosifiwa kote Pwani wafundishwe kupanda ndani ya mfuko. Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba bustani ya Tana ya chini ilikuwa finyu tangu zamani, tena kwa makusudi, na kwamba ufinyu huo ulikuwa na maana maadamu mto uliendelea kufurika kwa desturi yake. Mto ulipotiwa kufuli huko juu, umbo la kale lilibaki bila kazi yake ya awali, na chombo kikaletwa kuziba pengo lililofunguliwa na wengine.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia katika safu za Aberdare na Mlima Kenya na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baada ya mwendo wa takribani kilomita 1,000. Nchi inayopitiwa na sehemu yake ya chini ni kavu: mvua ya kaunti huwa kati ya milimita 280 na 900 hivi kwa mwaka, na kiwango hicho cha juu hupatikana karibu na bahari tu. Kwa hiyo mkulima wa huko hakuitegemea sana mvua iliyomnyeshea mwenyewe. Aliitegemea ile iliyonyesha milimani, mamia ya kilomita kutoka kwake, ambayo ilimfikia ikiwa mafuriko, na katika miaka ya kawaida ilimfikia mara mbili: mafuriko makubwa ya masika, kati ya Aprili na Juni, na yale madogo ya vuli, kati ya Novemba na Desemba. Mfumo huu huitwa kilimo cha maji yanayopwa, maana yake kupanda katika udongo uliolowa mara tu mafuriko yanapoanza kurudi mtoni, ili mbegu ichipue na kukua kwa unyevu uliobaki chini. Ndio mfumo uliolisha Misri ya kale, ingawa katika Tana, ambako bonde la mafuriko ni jembamba na mto huhama mkondo kila mara, haukuzaa mafirauni wala maghala ya serikali.

Wakulima wakuu wa bonde hili ni Wapokomo, ambao kwa desturi hugawanywa kuwa wa juu na wa chini, na ambao vikundi vyao vya chini, wakiwemo Wabuu, Wangatana, Wadzunza na Wakalindi, wameenea katika sehemu za Garsen na delta, yaani eneo ambalo mto hutawanyika katika matawi, mabwawa na vinamasi kabla ya kufika baharini. Ardhi yao haikukatwa kwa viwanja vya mraba. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake kando ya mto, na ndani ya eneo hilo familia ilipata ukanda, yaani kipande chembamba kilichoanzia ukingoni penyewe na kurudi nyuma, kikikata kingo na bonde kwa mkato mmoja hadi mahali ambapo mafuriko hayafiki. Mipaka iliposhindaniwa, shauri lilipelekwa kwa gasa, baraza la wazee lililoshika mamlaka ya mila kabla ya kuja kwa machifu wa serikali. Mpimaji wa kisasa aliyezoea mashamba mapana akiutazama mpangilio huu huona umaskini wa ardhi, lakini sababu ya umbo hilo imo katika mwinuko wa nchi, na mwinuko wa nchi ya Tana ni kinyume cha mtu anavyodhania.

Mgeni hudhani kwamba ukingo wa mto ndio mahali pa chini kabisa na kwamba ardhi huinuka kadiri mtu anavyoupa mto mgongo. Katika Tana ya chini mambo ni vingine. Mto unapofurika na kupanda juu ya kingo zake, kasi ya maji hupungua ghafla, na mchanga pamoja na tope zito huanguka papo hapo, ilhali udongo laini wa mfinyanzi huchukuliwa mbali zaidi kabla ya kutulia. Baada ya karne nyingi za mafuriko kama hayo, kingo hujengeka kuwa matuta ya asili, na nyuma yake nchi hushuka taratibu hadi kwenye mabonde yenye udongo mweusi, ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata miguuni. Ukanda mmoja wa Mpokomo kwa hiyo ulikata aina zote za udongo. Juu ya tuta, karibu na maji, ilipandwa migomba na miembe, ambayo mizizi yake ilinyonya unyevu uliopenya kutoka mtoni hata mafuriko yasipokuja; mteremkoni yalipandwa mahindi, kunde, pojo na viazi vitamu; bondeni ulipandwa mpunga, uliohitaji maji kusimama; na nyuma kabisa, katika mabwawa yaliyoachwa na mikondo ya zamani, kama lile la Shakababo karibu na Ngao, walivuliwa samaki. Kwenye vipindo vya mto, ambako mchanga hubaki wazi maji yanapopungua, kulikuwa na vibustani vya muda mfupi ambavyo mwenyewe alijua fika kwamba vitafagiliwa msimu ujao.

Hesabu iliyofichwa katika mpangilio huo ilikuwa ya bima. Mafuriko makubwa yalizamisha mahindi lakini yalishibisha mpunga. Mafuriko madogo yaliukausha mpunga lakini yaliiacha migomba salama. Na mwenye ukanda, kwa kuwa alikuwa na hatua chache za kila kiwango cha ardhi, hakukosa vyote kwa pamoja isipokuwa katika miaka mibaya kupindukia. Familia ambayo ingepewa eneo kubwa la mraba bondeni, hata kama lingekuwa mara tatu ya ukanda, ingeshiba mwaka mmoja na kulala njaa mwaka unaofuata. Mafuriko yenyewe yalifanya kazi ambazo leo hulipiwa fedha: yalimwagilia, yalileta tope jipya lililokuwa mbolea, na yaliosha chumvi ambayo jua kali la nchi kavu huivuta kutoka chini na kuiacha juu ya udongo. Kazi hiyo ya tatu husahauliwa sana, na ndiyo itakayohitaji kukumbukwa gunia litakapofikiwa.

Upande wa pili wa bustani ya kingo ulikuwa ulinzi. Viboko walipanda usiku kutoka mtoni, nyani na tumbili walishuka mchana kutoka msituni, na mpunga ulipoanza kukomaa makundi ya ndege yalitua kwa maelfu. Dhidi ya hao wote lilijengwa dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya fito na mara nyingi paa la makuti au nyasi, ambalo mlinzi, aghalabu mtoto au mwanamke, alikaa juu yake akiwa na kombeo, kopo la kugonga au kamba ndefu zilizofungwa kwenye vinyago shambani. Katika msimu wa mavuno dungu liligeuka makao: palilalwa, palipikwa, palipigwa soga kutoka jukwaa hadi jukwaa. Kama kuna kitu katika historia ya Tana kinachostahili kuitwa roshani, basi ni hiki, ingawa kazi yake ilikuwa kuitazama bustani na wala si kuibeba.

Mpunga wa mabonde hayo uliunganisha mkulima na biashara ya bahari. Katika karne ya 19 nafaka ya Tana ilishuka kwa mitumbwi hadi Kau na Kipini, na kutoka huko ikapelekwa kwa vyombo hadi Lamu, mji wa kisiwa usioweza kujilisha wenyewe. Watawala wa Witu, dola iliyoasisiwa na Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, baada ya kushindana na Sultani wa Zanzibar, waliutegemea mto huu kwa chakula na kwa ushuru, na wakati wa enzi yao ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, mitumbwi ipate kufika Kau bila kupita kwenye mdomo wa zamani wa mto ulioko kusini zaidi. Maji yaliukubali mfereji huo kupita kiasi. Yaliupanua mwaka baada ya mwaka hadi ukawa mkondo mkuu, na mdomo wa Tana ukahamia Kipini, ambako uko hadi leo. Hivyo mto ambao baadaye ungelalamikiwa kwa kuharibiwa na serikali ulikuwa umekwisha kuelekezwa upya na majembe ya watu wa kale, tena kwa ajili ya mpunga. Wasafiri wa Ulaya walioanza kuingia humo, wakiwemo ndugu Clemens na Gustav Denhardt mwaka 1878, walikuta kingo zimelimwa, na wamisionari waliowafuata, Wamethodisti Golbanti mwaka 1885 na Wajerumani wa Neukirchen huko Ngao mwaka 1887, walijenga vituo vyao juu ya matuta yale yale yaliyopandwa migomba. Nchi hiyo haikuwa ya amani: mwaka 1886 misheni ya Golbanti ilivamiwa na wapiganaji wa Kimaasai, na mmisionari John Houghton na mkewe wakauawa. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imetangaza himaya yake juu ya Witu. Mwaka 1890 iliiachia Uingereza.

Huko Ozi, karibu kabisa na bahari, ulizuka ustadi wa pekee ambao haufai kupitwa. Bahari inapojaa, maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, husukuma chini na kuyainua maji baridi ya mto juu yake. Wakulima walifungua njia za kuingiza maji hayo baridi katika majaruba, yaani vipande vya mpunga vilivyozungushiwa vituta, na kuzifunga kabla chumvi haijafika. Kumwagilia kwa kufuata mwezi namna hiyo kulihitaji mto wenye nguvu ya kutosha kuipinga bahari.

Chombo kama bustani nacho kilikuwa na historia yake pwani, ila katika daraja tofauti kabisa. Katika miji ya mawe kama Lamu na Mombasa, ambako nyumba zilibanana na ua wa ndani ulikuwa ndio nafasi pekee iliyo wazi, rehani na asumini vilioteshwa kwenye vyungu, kwa kuwa harufu ilihitajiwa kila siku: kwa kikuba, yaani kishada kidogo cha majani na maua ambacho mwanamke hujipamba nacho, na kwa shughuli za arusi. Kisha likaja debe. Mafuta ya taa yalipoanza kuletwa Afrika Mashariki katika mabati ya mraba yenye ujazo wa galoni 4, yaani takribani lita 18, bati tupu lilithaminiwa kuliko mafuta yenyewe: lilichotea maji, lilipimia nafaka, likikunjuliwa liliezekea nyumba, na likishatoboka kitako lilipandiwa. Bustani ya debe ilikuwa ya urembo na kitoweo, mnanaa hapa, pilipili pale, na hakuna aliyefikiria kuwa ingelisha nyumba. Mwenye ukanda kando ya Tana hakuwa na haja nayo.

Haja hiyo ilianza kuumbwa katika miaka ya 1950, na mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Serikali ya kikoloni iliwapeleka Hola, ambako huitwa pia Galole, wafungwa wa Mau Mau waliokataa kukiri, na kazi waliyolazimishwa ilikuwa ya mradi wa umwagiliaji kando ya Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa kugoma kufanya kazi hiyo, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Mauaji ya Hola hukumbukwa, kama inavyostahili, katika historia ya uhuru; ila katika historia ya kilimo yanaonyesha pia kwamba shamba la mraba, lenye mfereji, pampu na ratiba ya msimamizi, liliingia Tana kama adhabu.

Baada ya uhuru mraba ulirudi kama maendeleo. Mradi wa Bura, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 1977 na kuanza kupokea walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikusudia kumwagilia hekta 6,700 za pamba na mahindi kwa pampu za dizeli, na kila familia, nyingi zikiwa zimeletwa kutoka sehemu nyingine za Kenya, iligawiwa hekta 1.25 pamoja na kipande kidogo mno cha mboga. Gharama zake kwa hekta zilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa barani Afrika. Pampu ziliharibika mara kwa mara, pamba ikakauka, na kufikia mwisho wa muongo huo mradi ulikuwa umesimama. Hola nako, mwaka 1989, mto ulihama mkondo wake, ukaiacha mitambo ya kuvuta maji juu ya mchanga mkavu. Kwa mkulima wa ukanda, kuhama kwa mto kulikuwa hasara ya msimu au miwili, kwa sababu ukoo wake ungegawana upya kingo mpya. Kwa mradi wa pampu kulikuwa kifo. Jambo linalostaajabisha katika mipango ya Bura si ukubwa wa pamba bali udogo wa kile kipande cha mboga, ambacho kiliwekwa kana kwamba ni hisani, ilhali pamba iliposhindwa watu walihitaji kula kwanza.

Hata hivyo, si Hola wala Bura iliyobadilisha bustani ya Garsen zaidi. Ni saruji iliyomwagwa mbali sana na Garsen. Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa kwenye Tana ya juu mabwawa matano ya umeme yanayofuatana kama ngazi: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo lenye uzito katika simulizi hii, kwa kuwa kazi yake ni kuhifadhi: hulimbikiza maji ya masika ili yatolewe kidogo kidogo mwaka mzima, mitambo ya chini yake isikose maji. Kwa mhandisi wa umeme, mto uliosawazishwa hivyo ni mto uliotulia. Kwa mwenye jaruba, ni mto uliokatwa kilele, kwa kuwa mpunga wake haukuishi kwa wastani wa maji ya mwaka bali kwa zile wiki chache ambapo maji yalivuka tuta. Tope nalo lilianza kutuama nyuma ya kuta za mabwawa. Hakuna bustani iliyotwaliwa, hakuna nyumba iliyobomolewa katika Tana ya chini, na pengine ndiyo maana hasara hiyo haikupata jina wala fidia: ukanda ulibaki pale pale na mipaka yake, ila mabonde hayakulowa kwa uhakika tena, na ile bima ya viwango mbalimbali vya ardhi ikawa haina cha kulipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, iliyoundwa mwaka 1974, ilianza kwa fedha za Japani mradi mkubwa wa mpunga katika delta, chini ya Garsen, ukiwa na kuta za udongo za kuzuia mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuja na maji ambayo mabwawa hayakuweza kuyashika. Kuta zilivunjika na sehemu kubwa ya mradi ikaharibiwa. Hapo ndipo sura halisi ya mto mpya ilipoonekana: mafuriko ya wastani, yaliyokuwa ya kulimia, yalikuwa yamepunguzwa, na yale ya kuangamiza yalibaki.

Ufinyu sasa ulianza kuuma kwa namna nyingine. Waorma, wafugaji ambao mifugo yao hurudi mtoni wakati wa kiangazi, hutegemea malka, yaani njia zilizoachwa wazi kati ya mashamba ili ng'ombe wafikie maji, na mashamba yalipotafuta unyevu kwa kusogea kandokando ya mto, njia hizo zilizibwa moja baada ya nyingine. Mapigano ya 2001 na yale mabaya zaidi ya 2012, ambapo mnamo Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa pekee, yalikuwa na sababu nyingi, siasa za uchaguzi zikiwemo, lakini ugomvi wa kingo na maji ulikuwa chini ya zote. Septemba mwaka huo huo wa 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu.

Gunia la mboga lilikuja katika mazingira haya, likiwa limepitia kwingine. Katikati ya miaka ya 2000 bustani za magunia zilienezwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mwa bonde la Tana, ambako maji yaliyokwisha kuoshea vyombo yalimwagiwa mboga. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités liliziingiza kwa wingi Kibera, Nairobi. Na mwaka 2020, wakati wa korona, wizara ya kilimo ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni kwa nchi nzima. Ufundi wenyewe ni mwepisi na una werevu wake. Kopo kubwa lililotolewa kitako husimamishwa katikati ya gunia tupu na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa pembeni mwake hadi ulingane na kopo. Kisha kopo huvutwa juu taratibu, kokoto zikibaki chini, na kujazwa tena, hadi gunia linapojaa na mhimili wa mawe unasimama ndani yake toka chini hadi juu. Maji yakimiminwa juu ya mhimili huo hushuka na kusambaa hadi kwenye udongo wa chini, ambao usingefikiwa kama yangemwagwa juu tu. Matundu hutobolewa ubavuni kwa mpangilio wa kupishana, na miche 30 hadi 50 hupandwa humo, vitunguu vikiwekwa juu.

Kwa jicho la historia, mhimili wa kokoto ni mto mdogo na udongo unaouzunguka ni bonde lake. Tofauti ni kwamba mafuriko sasa hubebwa kwa mkono. Tofauti hiyo ina gharama. Tope la bure limekuwa samadi, ambayo katika delta hutoka katika mazizi ya wafugaji, na hivyo bustani ya mkulima inategemea ujirani ule ule ambao ufinyu wa kingo uliuvuruga. Maji ya visima vingi vya delta yana chumvi, na chumvi iingiayo katika gunia haina mafuriko ya kuiosha: hujilimbikiza hadi ncha za majani zinaungua, na dawa yake ni kubadilisha udongo au kuumwagilia maji baridi mengi kupita mahitaji ya mmea, jambo ambalo mwenye kubeba maji kichwani hawezi kulifanya kila wiki. Mboga inayohimizwa kuliko zote ni sukuma wiki, zao la nyanda za juu zenye baridi, ambalo katika joto la Garsen hushambuliwa na wadudu na kukomaa haraka kuwa gumu. Mchicha, kunde na bamia, ambavyo watu wa Tana walivilima siku zote, hustahimili zaidi. Ni kinaya kwamba sukuma wiki imezoea milima ile ile ambako Tana huanzia.

Sifa nyingine inayotolewa kwa kilimo cha vyombo ni kwamba kinahamishika, na mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024, yaliyofunika sehemu za barabara ya Garsen hadi Lamu na kuwalazimisha maelfu kuhamia kambini, yalitoa nafasi ya kuipima. Gunia lililojaa udongo uliolowa halinyanyuliwi na mtu mmoja wala wawili. Linalobebeka ni debe na ndoo, yaani vile vyombo vya zamani vya rehani. Huko Bangladesh, ambako tatizo linafanana, wakulima hupanda juu ya vitanda vya magugu maji vinavyoelea na kupanda pamoja na mafuriko, na ufundi huo ulitambuliwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Katika Tana mafuriko ya sasa huja kwa kasi mno, na mara nyingi huzidishwa na maji yanayomwagika kutoka mabwawani yakishafurika, kiasi kwamba kitanda kama hicho kingeishia baharini.

Wakati mashirika yakigawa magunia, swali la mto lenyewe limekuwa likijadiliwa kwingine. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1990 kuhusu mabwawa mapya ya Mutonga na Grand Falls ulizungumzia uwezekano wa kuachilia mafuriko ya makusudi, yaani kufungua maji kwa wingi mara mbili kwa mwaka, katika misimu ya kale, ili mabonde ya Tana ya chini yalowe tena. Mpango wa mabwawa hayo ulikuja kukuzwa na kuwa bwawa la High Grand Falls, lililoingizwa katika Ruwaza ya Kenya 2030 na kukusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 5. Kila mita ya ujazo inayoachiliwa kwa ajili ya mpunga wa Garsen ni maji yasiyozungusha mtambo saa ambayo umeme unahitajika, kwa hiyo hesabu ya mafuriko ya makusudi huandikwa kama hasara ya umeme. Upande wa pili wa daftari, ambako yangeandikwa tope, maji na uoshaji wa chumvi ambao sasa hufanywa kwa ndoo, ndoo moja kwa gunia moja, bado haujajazwa.